Kupima homoni za msongo na cheo cha wanyama wa makundi: kutoka Dar hadi Mikumi na kurudi maabara

Ukimuuliza mtu yeyote nani ana msongo zaidi kwenye kundi la pundamilia au tembo, mkubwa wa kundi au mnyonge, atakujibu papo hapo kwamba ni mnyonge. Porini majibu hayajakaa hivyo. Mwaka 1996 Scott Creel na wenzake walichapisha vipimo vya mbwa mwitu wa Selous na nguchiro wadogo wa Serengeti, na waliokutwa na homoni nyingi za msongo ni wale wenye vyeo vya juu. Robert Sapolsky, aliyefuatilia nyani wa Masai Mara kwa miaka mingi, alikuta wanyonge ndio walio juu, lakini pale tu madaraja yanapokuwa yametulia. Yakivurugika, wakubwa nao hupanda. Amboseli mwaka 2011 dume namba moja wa nyani alionekana kuwa na homoni nyingi kuliko namba mbili wake. Kinachoonekana kulipiwa ni gharama ya kupata cheo na kukilinda, na gharama hiyo hutofautiana kwa spishi, kwa msimu, hata kwa mwaka.

Kwa mwanafunzi wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) au mtafiti wa Dar anayetaka kulijibu swali hili kwa wanyama wetu, jambo la kwanza ni hili: cheo kipimwe chenyewe, kwa macho na daftari, na homoni zipimwe zenyewe, maabara. Aliyeandika cheo asijue namba za homoni, na anayepima homoni asijue sampuli ni ya nani. Ukichanganya, utaanza kumwona mkubwa kila mahali ulipotamani awepo.

Tunaanza na mwili, kwa ufupi. Mnyama akitishika, ubongo huituma tezi ya pituitari kutoa homoni ya ACTH, nayo huziamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Kwa wanyama wanaokula majani wakubwa, zao kuu la tezi hizo ni kotisoli. Kwenye damu hupanda ndani ya dakika chache, kwa hiyo damu ya mnyama aliyekamatwa inakueleza habari za kukamatwa kwake, basi. Ndiyo maana tunatumia kinyesi. Ini huivunjavunja kotisoli, mabaki yake yanapita kwenye nyongo hadi utumbo, na kinyesi kinabeba wastani wa saa kadhaa zilizopita. Kwa ng'ombe na jamaa zake wanaocheua, kuchelewa huko ni kama saa 12. Kwa farasi na pundamilia ni kama siku nzima. Kwa tembo ni siku moja hadi mbili. Kinyesi cha pundamilia cha leo asubuhi kinakusimulia jana yake, kwa hiyo ugomvi uliouona saa mbili asubuhi usiutafute kwenye sampuli ya saa tatu. Faida yake ni kwamba gari lako nalo halitaonekana kwenye sampuli ya leo.

Chagua mnyama kabla ya kuchagua swali

Kutoka Dar, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ndiyo kituo chenye akili: kama kilomita 283 kwa barabara ya Morogoro, uwanda wa Mkata uko wazi, na pundamilia, nyumbu, nyati, swala pala na tembo unaweza kuwakuta kwa siku moja. Lakini si wote wanafaa kwa anayeanza.

Anza na pundamilia. Mistari yake haifanani na ya mwenzake, kwa hiyo picha ya ubavu mmoja inatosha kumpa jina. Piga ubavu uleule kwa wote, kwa sababu mistari ya kulia na ya kushoto ni tofauti kwa mnyama mmoja. Anaishi kwenye familia ndogo: dume mmoja, majike wachache na watoto wao, nao hukaa pamoja kwa miaka. Hans Klingel, aliyewachunguza Ngorongoro miaka ya 1960, alionyesha kwamba majike wana madaraja, na aliyetangulia kuingia kwenye familia kwa kawaida ndiye anayetangulia hata wakitembea. Hilo linakupa kipimo cha pili cha cheo cha kulinganisha na daftari lako.

Tembo ni wa pili. Unawatambua kwa masikio yaliyochanika, mashimo na pembe. Ila cheo cha majike hufuatana sana na umri, kwa hiyo utashindwa kutenganisha athari ya cheo na ya uzee usipokuwa na makundi mengi. Mikumi ina historia yake hapa: utafiti wa Kathleen Gobush, Benezeth Mutayoba na Samuel Wasser, uliochapishwa 2008, ulikuta majike walio kwenye makundi yasiyo na bibi mzee, yaliyopoteza ndugu wa karibu kwa ujangili wa kabla ya marufuku ya pembe za ndovu ya 1989, wana homoni za msongo nyingi kuliko wale ambao makundi yao yalibaki mazima. Yaani nani unaishi naye kunaweza kuwa na uzito kuliko namba yako kwenye foleni.

Swala pala waache kwanza. Majike hawatofautiani kwa macho, makundi yao yanaungana na kuachana kila siku, na dume mwenye himaya leo anaweza kuwa kapera mwezi ujao. Nyumbu ni hivyohivyo.

Vibali vianze kushughulikiwa miezi kadhaa kabla ya kiangazi. Andiko la utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), kibali cha utafiti hutoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pale Kijitonyama, na TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) ndiyo inayokuruhusu kuingia na kushuka kwenye gari. Kushuka ni suala la peke yake: liandike wazi kwenye maombi, omba askari wa hifadhi wa kuambatana nawe, na uweke posho yake kwenye bajeti. Watu huja na kibali cha kutazama halafu wanashangaa kuzuiwa kuokota mavi.

Fanya mazoezi jijini

Usiende kujifunzia hifadhini kwa gharama ya hifadhi. Mbuzi wanatosha. Tafuta mfugaji mwenye mbuzi 8 au 10, Kigamboni au Goba, wavalishe kamba za rangi shingoni, weka pumba kwenye beseni moja tu, kaa mbali na uandike. Ndani ya nusu saa utamwona anayesogea kabla hajaguswa, na anayesukuma kwa pembe. Jizoeze mpaka wewe na mwenzako, mkiandika bila kuonyeshana, mnakubaliana kwenye matendo zaidi ya 9 kati ya 10.

Kupata cheo

Daftari la cheo lina safu saba: tarehe, saa, kundi, mshindi, mshindwa, tendo, mahali. Tendo linalofaa kuliko yote ni kumwondoa mwenzio: A anakaribia, B anahama, A anachukua mahali pake. Kung'ata, teke, kulaza masikio na kutishia kwa kichwa viandike pia, lakini tenganisha matendo ambayo mshindwa ameondoka na yale yaliyoisha bila mshindi. Hayo ya mwisho yaandikwe sare, yasihesabiwe.

Pundamilia wakiwa kwenye majani mengi hawagombani. Unaweza kukaa asubuhi nzima ukapata matendo mawili. Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba, ukae karibu na maji. Sehemu ya kunywa ikiwa nyembamba, ndani ya saa moja unapata kile ambacho majani ya masika yasingekupa kwa wiki. Hasara yake ni kwamba sasa unapima cheo cha kwenye maji, na huenda kwenye majani mambo ni mengine. Andika mahali, utatenganisha baadaye.

Unahitaji matendo mangapi? Kundi la wanyama 6 linataka matendo 60 hadi 120, yaani 10 hadi 20 kwa kila mnyama. Chini ya hapo, safu ya vyeo itakuwa inatetereka: ukiondoa siku moja ya daftari, namba tatu anakuwa namba tano.

Kukokotoa, tumia alama za Elo, zilezile za mchezo wa chesi. Kila mnyama anaanza na 1,000. Kabla ya kila tendo unatafuta uwezekano wa A kushinda: gawanya 1 kwa (1 + 10 yenye kipeo cha tofauti ya alama, B kutoa A, iliyogawanywa kwa 400). A na B wakiwa sawa, uwezekano ni 0.5, ukitumia kiwango cha 100 (kikomo cha alama zinazoweza kuhama kwa tendo moja), mshindi anapata 50 na mshindwa anapoteza 50. Sasa A ana 1,050 na B ana 950. Uwezekano wa A kushinda tena ni 0.64. Akishinda anapata 36 tu, kwa sababu ilitarajiwa. B akimpindua, B anapata 64. Uzuri wa Elo ni kwamba inafuata tarehe: jike akipanda katikati ya msimu utaiona siku ile mstari wake ulipopinda, na hiyo ndiyo siku ya kutazama homoni zake. Programu ya R, ambayo ni bure, inafanya hesabu hizi zote.

Kuna mtego kwa pundamilia. Kipimo cha kawaida cha kuonyesha kwamba daraja limenyooka (A juu ya B, B juu ya C, bila mzunguko) hakiwezi kukupa jibu la kuaminika kitakwimu kundi likiwa na wanyama chini ya 6, na familia nyingi zina majike wasiofika hapo. Usilazimishe. Geuza cheo cha kila jike kiwe kati ya 0 na 1: idadi ya majike kutoa cheo chake, gawanya kwa idadi kutoa 1. Jike wa pili kati ya watano anapata 3 kwa 4, yaani 0.75. Hapo unaweza kuweka familia 12 au 15 kwenye jedwali moja. Familia moja, hata ukiikalia mwaka, ni familia moja.

Kuokota: nusu saa ya kwanza ndiyo utafiti wenyewe

Sampuli nyingi haziharibikii maabara, zinaharibikia kwenye majani. Bakteria waliomo kwenye kinyesi hawaachi kufanya kazi kikishadondoka. Wanaendelea kuyageuza mabaki ya kotisoli, na kingamwili za kipimo chako (protini zinazoyakamata mabaki hayo ili yapimike) zinaweza kuyaona mabaki yaliyogeuzwa vizuri zaidi au vibaya zaidi. Kinyesi cha ng'ombe kikiachwa kwenye joto la kawaida, namba huanza kubadilika ndani ya saa moja hivi. Kwa hiyo weka sheria: kutoka kudondoka hadi kwenye barafu, dakika 30. Zikipita, sampuli unaiacha, hata kama ni ya jike uliyemtafuta wiki nzima.

Vifaa: vikopo vya kupimia choo kubwa, vile vyenye kijiko ndani ya kifuniko, unavyonunua duka la dawa au la vifaa vya hospitali Kariakoo, glavu, vijiti vya mbao, penseli, karatasi ngumu, saa, kamera, deli kubwa la barafu na lingine dogo la kushuka nalo. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, ukiweke ndani ya mfuko wa kikopo. Maka peni inafutika ikiguswa na spiriti au maji ya barafu, na kikopo kisicho na jina ni mavi tu.

Mtu mmoja asimwondolee macho mnyama. Ukimwona amejisaidia, andika saa, piga picha ya ubavu wake, piga picha ya mahali penyewe ukiweka alama ya kichaka au kichuguu, kisha subiri familia isogee. Askari akikubali, shuka. Kama wawili wamejisaidia karibu na huna hakika lipi la nani, ondoka. Dume wa pundamilia ana tabia ya kunya juu ya kinyesi cha majike wake au kwenye lundo lake la zamani, na hapo usiokote kitu.

Chukua kutoka katikati ya madonge, siyo ganda la nje lililopigwa na jua, siyo upande ulioshika udongo. Homoni hazikusambaa sawasawa ndani ya kinyesi, hasa cha tembo, kwa hiyo chota kidogo kidogo kutoka madonge matatu au manne, changanya kwa kijiti ndani ya mfuko, ndipo ujaze kikopo gramu 20 hivi. Kinyesi kilicholowa mkojo usiguse: mkojo nao una mabaki ya kotisoli, mengi na ya muda tofauti, na hakuna hesabu ya kuyaondoa. Kilichonyeshewa nacho acha.

Kwa kila sampuli andika pia: jike ananyonyesha au la, tumbo linaonekana au la, kundi lilikuwa na wangapi, na umbali kutoka barabara kuu. Barabara ya Dar kwenda Zambia inakata hifadhi hii katikati, malori yanapita usiku na mchana, na familia inayolala karibu na lami haiishi maisha ya ile ya ndani ya Mkata. Mimba ni muhimu kuliko inavyodhaniwa: pundamilia hubeba zaidi ya miezi 12, kwa hiyo karibu kila jike mzima ana mimba, ananyonyesha, au vyote. Homoni hupanda mimba inapokaribia mwisho. Na kwa kuwa majike wenye vyeo mara nyingi ni wakubwa kwa umri na wazazi wazuri, unaweza kusema umeona athari ya cheo kumbe umeona mimba.

Okota saa zilezile kila siku, kwa mfano alfajiri hadi saa nne asubuhi. Lenga sampuli zisizopungua 4 kwa kila mnyama kwa msimu. Moja haisemi kitu. Ingeweza kuwa usiku ule simba walipita.

Vaa nguo za kaki. Mikumi kuna mbung'o, na wanapenda buluu na nyeusi. Mzoga wowote usioujua chanzo chake, hasa wenye damu puani, usiusogelee, mtaarifu askari: kimeta kipo nchini.

Barafu, basi na umeme

Barafu ya kawaida inashika 0 °C, ambayo inapunguza kasi ya bakteria bila kuwazuia. Ongeza chumvi ya mawe: kilo 1 kwa kilo 3 za barafu iliyosagwa. Kinadharia mchanganyiko huo unashuka hadi kama −21 °C. Kwenye deli la kawaida tegemea chini ya −10 °C, na inatosha kwa saa kadhaa. Barafu ya kusagwa ya wauza samaki wa Feri ndiyo bora kuanza nayo ukitokea Dar, lakini haitafika siku ya pili, kwa hiyo panga friza kambini au mji wa Mikumi. Vikopo vifungwe kwa tepu kisha viingie mfuko wa pili, maji ya chumvi hupenya popote.

Kurudi, usipande basi la mchana linaloingia Mbezi jioni foleni ikiwa imeshika kuanzia Kibaha. Kama unaweza kufika Morogoro kwa gari, treni ya SGR iliyoanza 2024 inakatisha safari vizuri. Uliza mapema kuhusu mzigo wenye barafu.

Friza la Dar liwe la −20 °C na lisilofunguliwa na kila mtu mwenye soda yake. Umeme ukikatika ukiwa nyumbani hutajua. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, kiache humo. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, friza liliyeyuka, na sampuli zote za tarehe hiyo zinaingia kwenye orodha ya mashaka hata kama sasa ni ngumu kama jiwe.

Kama barafu haiwezekani kabisa, njia nyingine ni kutoa homoni palepale kambini kwa alkoholi na kuhifadhi mchujo wake. Inafaa, ila uitumie kwa sampuli zote tangu mwanzo. Nusu za barafu na nusu za alkoholi hazilinganishwi.

Maabara

Methanoli ni sumu: inapofusha na kuua, na mvuke wake pia una madhara. Uuzaji na utunzaji wake uko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003, kwa hiyo inunuliwe na maabara iliyosajiliwa. Fanya kazi kwenye kabati la mvuke, siyo kwenye meza karibu na feni.

Tengeneza methanoli ya asilimia 80: mililita 80 za methanoli, 20 za maji yaliyotoneshwa. Haya yawe maji ya maabara. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yana historia usiyoijua, na mengine yana asidi.

1. Acha sampuli ilainike kiasi cha kuchanganyika tu, changanya tena, toa majani marefu na mawe. Usiyeyushe na kugandisha tena.
2. Pima gramu 0.50 kwenye tyubu ya mililita 15. Mizani iwe ya tarakimu mbili za desimali angalau.
3. Weka mililita 5 za methanoli, funika, tikisa dakika 30. Nusu ya kosa la maabara liko hapa: wanaotikisa kwa mkono huchoka wakifika tyubu ya ishirini, na tyubu za mwisho hutoa homoni pungufu. Tumia mashine.
4. Zungusha kwenye sentrifyuji kwa nguvu ya 2,500 g (mara 2,500 ya mvutano wa dunia, siyo gramu), dakika 15. Hiyo si mizunguko 2,500 kwa dakika. Kwa rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 unahitaji kama mizunguko 4,730.
5. Chota maji ya juu, zimua mara kumi kwa bafa (kimiminika cha kuzimulia) ya kipimo. Methanoli ikibaki nyingi kwenye kisima cha sahani ya kipimo huvuruga kingamwili.

Chukua pia gramu 1 hivi ya kila sampuli, ikaushe kwenye oveni mpaka uzito usibadilike, ujue sehemu ya mavi makavu. Ukitoa ovenini pima mara moja au weka kwenye silika jeli. Kwa unyevu wa Dar kitu kikavu hakikai kikavu.

Sasa kipimo chenyewe. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea: mtu anaomba kiti (seti ya vifaa na kemikali za kipimo) ya kotisoli ya hospitali, ile ya damu ya binadamu, anaweka mchujo wa mavi, anapata namba, anaandika tasnifu. Kwenye kinyesi kotisoli yenyewe karibu haipo. Yaliyopo ni mabaki yake, ambayo kingamwili ya kotisoli inaweza isiyatambue. Tafuta kiti inayolenga kundi la mabaki hayo. Kwa wanaocheua, kingamwili zilizotengenezwa Vienna na Rupert Palme na Erich Möstl, zinazokamata mabaki yenye oksijeni nafasi ya 11 na ya 17, zimetumika sana tangu miaka ya 1990. Kwa spishi nyingine uliza kwanza nini kimethibitishwa.

Sahani ya kipimo ina visima vidogo 96. Ukitoa 24 vya viwango (homoni ya kiasi kinachojulikana), sifuri, tupu na vidhibiti (sampuli ileile inayorudiwa kila sahani), vinabaki 72, yaani sampuli 36, kila moja visima viwili. Changanya vyeo na misimu kwenye kila sahani. Ukiweka wakubwa wote sahani ya kwanza na wanyonge ya pili, tofauti ya sahani itavaa nguo za cheo. Mashine ya kusomea mwanga wa nanomita 450 ipo kwenye maabara nyingi za hospitali kubwa na vyuo. Kumbuka hiki ni kipimo cha ushindani: rangi ikififia, homoni ni nyingi. Visima viwili vya sampuli moja vikitofautiana zaidi ya asilimia 10, rudia. Kidhibiti kikitofautiana zaidi ya 15 kati ya sahani na sahani, rudia sahani. Soma tu namba zilizo kati ya asilimia 20 na 80 za mkunjo wa viwango, yaani mstari unaochorwa kutokana na visima vya viwango. Zilizo nje zimua tena.

Hesabu: kisima kimesoma nanogramu 1.2 kwa mililita. Zidisha 10 ya kuzimua, zidisha mililita 5, gawanya kwa gramu 0.5. Unapata nanogramu 120 kwa gramu ya mavi mabichi. Kama makavu ni robo ya uzito, ni 480 kwa gramu kavu. Tumia hiyo ya pili, maana mavi ya Februari na ya Septemba hayana maji sawa.

Hakikisha kipimo kinaona unachodai kinaona

Kwanza, zimua sampuli moja mara 2, 4, 8, 16: mstari wake uende sambamba na wa viwango. Ukipinda, kuna kitu kingine kwenye mavi kinachoingilia. Pili, tafuta tukio ambalo lazima lipandishe homoni. Kwa ng'ombe, Mnada wa Pugu unakupa: wanashuka kwenye malori baada ya safari ndefu, na kinyesi cha kushuka kinabeba saa za njiani. Linganisha na cha ng'ombe haohao waliokwisha kupumzika siku tatu au nne, ukikumbuka kwamba chakula nacho kimebadilika. Tofauti isipoonekana, usiende Mikumi na kiti hiyo. Ila ng'ombe hamthibitishii pundamilia. Kwa huyo, farasi wanaofugwa jijini ni jamaa wa karibu wa kuanzia, na bora zaidi ni sampuli za pundamilia halisi waliohamishwa au kudungwa dawa ya usingizi na madaktari wa wanyamapori kwa sababu zao.

Kusoma jedwali

Namba za homoni zigeuzwe logi, kisha tumia modeli inayotambua kwamba sampuli 6 za jike mmoja ni jike mmoja, na kwamba majike wa familia moja wanashiriki dume, majani na simba. Weka humo cheo, msimu, hali ya uzazi, umbali wa barabara na sahani. Angalia pia mwingiliano wa cheo na msimu kabla ya kusema cheo hakina athari: inawezekana masika wote wako sawa, na kiangazi aliye mwisho kunywa ndiye anayepanda.

Ukikuta wakubwa wako juu, rudi kwenye daftari uone nani anaanzisha ugomvi na mara ngapi. Ukikuta wanyonge wako juu, tazama wananyimwa nini, maji au usingizi au nafasi ya katikati ya kundi. Na usiandike neno "msongo" kwenye kila sentensi ya majibu. Glukokotikoidi (kundi la homoni ambamo kotisoli imo) hupanda pia kwa kutembea mbali, kujamiiana na njaa, na mnyama aliye juu kidogo kwa wiki mbili si mgonjwa. Andika "mabaki ya glukokotikoidi" na umwachie msomaji aone daftari la tabia pembeni.

Michujo iliyobaki funga vizuri, andika tarehe ya kutolewa na sahani ilikosomwa, irudishe −20 °C. Methanoli chafu ikusanywe kwenye chupa ya kioo yenye lebo, ikabidhiwe kwa msimamizi wa taka za kemikali wa maabara. Usiimwage kwenye sinki.